Nilimweka Kambale wa Mwavuli Chini ya Mguu wa Meza

Kraaa! Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia kabla sijaona kitu: kisu cha kukatia karatasi, nyuma ya pazia, kikishuka juu ya karatasi ngumu. Laiti ningeisikia tu, nikafurahi, nikanyamaza!

Jamani, kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala mvua, wala rafiki yangu Kasereka, ingawa angenikanyaga kwa nguvu zaidi ningemshukuru leo.

Jina langu silifichi sana. Naitwa Kambale, wa Butembo. Kwetu Wanande, mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, basi ukipiga kelele "Kambale!" sokoni, nusu ya soko itageuka. Nimejificha vya kutosha. Na jina hilo la wengi ndilo lililoniponza.

Masika ni msichana anayechora. Kwao ni Bungulu, kule Beni, lakini kazi yake iko huku, kwenye kituo cha fotokopi cha Kasereka. Ametunga mchezo wa kadi, Njia ya Beni. Kila mchezaji anasafirisha mzigo wake kutoka Kirumba, apite Butembo, hadi Beni. Kuna kadi ya Kamyo, lori lililojaa viazi. Kuna Matope, yanayomeza lori. Kuna Mama Makala, mwenye mdomo wa kufungua kizuizi chochote barabarani. Juu ya kadi kuna namba ya nguvu. Chini, kwa herufi ndogo, kuna kazi yake. Vijana wanazikusanya na kubadilishana, na siku Masika anapotoa kadi mpya, hatushikiki!

Mimi nilikuwa hakimu wa kadi. Kadi mpya ikitoka, wote walisubiri neno langu la kwanza. Nilijivuna kwamba nikiitupia kadi jicho moja naijua mpaka mifupa. Herufi ndogo? Hizo niliwaachia watu wa polepole.

Na Masika nilimpenda. Naye alinipenda jinsi milima yetu inavyopenda ukungu: bila kutangaza. Jumapili iliyokuwa inakuja, angenipeleka Bungulu kwa mama yake. Hilo ndilo nililokuwa nalo mkononi. Likumbukeni.

Basi siku hiyo, mimi na wenzangu tumeizunguka meza ya Kasereka, pazia likafunguka, Masika akatoka, kadi kiganjani kama kifaranga.

"Iko moja tu kwanza," akasema. "Donc, basi, mushike polepole."

Akaiweka mezani. Mtu amesimama kwenye matope, mvua inamwagika, mwavuli umemficha nusu ya uso. Mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini. Jina lake: Kambale wa Mwavuli. Nguvu: sifuri.

Sifuri!

"Yee, Masika!" nikapiga makofi. "Huyu Kambale ni wa nani? Wa jirani yenu? Matope yenyewe iko na nguvu tatu! Mutu muzima anasimama tu kama nguzo!"

Wenzangu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoutafuta mlango kwa macho. Kasereka akanikanyaga.

"Unanikanyaga ju ya nini? Mi nasema kweli. Na angalia ile suruali! Muguu moja juu, moja chini. Hata kuvaa hajue!"

"Kambale," akasema Kasereka, "soma chini."

"Nisome nini? Mutu wa sifuri anasomwaka?"

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Meza ya Kasereka ina mguu mfupi. Kila siku inayumba, kila siku tunailalamikia. Nami, kwa kupenda kuchekesha watu, niliichukua ile kadi, nikaikunja mara mbili, nikainama, nikaisokomeza chini ya mguu ule.

Meza ikatulia kimya kabisa.

"Njo hii kazi yake!" nikapaza sauti kutoka chini. "Tumeipata!"

Hakuna aliyecheka. Na huko chini, jamani, macho yangu yakakutana na suruali yangu mwenyewe. Mguu mmoja umekunjwa hadi gotini, jinsi ninavyoukunja kila siku kwa sababu ya mnyororo wa baiskeli.

Mungu wangu!

Ikanijia yote. Siku moja mimi na Masika tulikuwa tunarudi kutoka Kirumba, gari likazama kwenye matope. Wanaume wakashuka kusukuma. Mimi nikasukuma, nikaanguka. Nikasukuma tena, nikaanguka tena, hadi dereva akaniomba nimsaidie kwa kukaa mbali. Basi nikasimama na mwavuli juu ya Masika na sanduku lake la michoro mpaka gari likatoka. Maji yote yalinishukia mimi. Nilipona mafua, nikasahau. Yeye hakusahau.

Sauti yake ikanishukia kutoka juu ya meza:

"Mama aliniuliza, ule kijana iko na nguvu gani. Nikakosa maneno. Nikamuchora."

Akainama, akaivuta kadi. Meza ikayumba, chai ya Kasereka ikamwagika. Akainyoosha kadi kwa kiganja. Kifuani pa Kambale palikuwa na alama ya mguu wa meza, kama muhuri wa ofisi.

"Masika, mi niliangalia namba tu..."

"Njo hivyo," akasema. "Uliangalia namba."

Akaenda zake, na Jumapili yangu akaenda nayo. Mimi nikabaki chini ya meza kitambo. Huko aibu ilikuwa na kivuli kidogo.

Mnadhani iliishia hapo? Masika aliichapa ile kadi kama ilivyo, pamoja na mikunjo, pamoja na alama ya mguu wa meza! Hapo ndipo niliposoma zile herufi ndogo: "Mzigo wako ukikwama, muweke huyu. Hasukumi. Anabaki. Akiwapo, mzigo wako haugusiki."

Sasa ndiyo kadi inayotafutwa kuliko zote. Vijana wa Kirumba wanatoa Kamyo mbili wapate Kambale mmoja. Nikicheza, napigwa na mimi mwenyewe! Na mimi peke yangu sina. Nilimtumia Masika sauti za kuomba msamaha, ndefu, zenye machozi ndani. Alinijibu kwa picha ya meza.

Mwishowe nikajipeleka Bungulu bila kupelekwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilishika mwavuli, na suruali nimeishusha miguu yote miwili. Mama yake akafungua.

"Wasibire, mama," nikamwamkia.

"Wasibire. Weye ni nani?"

"Kambale, mama."

"Kambale gani? Hii avenue yote ni ba Kambale."

"Ule wa mwavuli. Wa chini ya meza."

"Ahaa! Ule wa meza!" Akanikagua kutoka viatu hadi nywele. Lo! Nililijua jicho lile. Lilikuwa langu. "Geuka."

Nikageuka.

"Na nyuma hakuna kitu," akasema. "Nguvu?"

"Sifuri, mama."

"Angalau anajua."

Ndugu zangu mnaopenda kusema wa kwanza, nawasihi! Kitu kipya kikiwekwa mbele yenu, tafuneni ulimi kidogo. Someni mpaka chini, hata kama herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Na kabla hamjamcheka mtu aliyechorwa, chungulieni kwanza suruali zenu. Neno la kwanza halirudi mdomoni. Mimi nimelikimbilia kutoka Butembo hadi Beni, na bado liko mbele yangu.

Maana siku hiyo, pale Bungulu, Masika alitokea chumbani amevaa kitenge cha kwaya, tayari kwenda mazoezi. Akanitazama mimi, akaitazama suruali yangu iliyoshushwa yote. Hakucheka. Lakini pembe ya mdomo wake ilitikisika, na kwa pembe hiyo naishi mpaka leo.

"Mama, musimukatae bado," akasema. "Soma chini kwanza."

"Chini yake iko wapi?"

"Tafuta."

Mama akanionyesha kiti, akanipakatisha ungo wa maharagwe nichambue. Nikachambua kama mtu anayetoa sadaka. Masika akauchukua mwavuli wangu pale mlangoni. Nikaruka, maharagwe mengine yakamwagika.

"Masika, nikusindikize! Mvua iko mingi!"

"Weye?" Akaufungua mwavuli huko nje, mgongo kwangu. "Hapana. Weye unabakiaka."

Mama yake akavuta kiti mbele yangu, akavaa miwani. Na mlango, taratibu, ukafungwa nyuma ya Masika.