Weka Tarehe ya Leo

Jumanne nilikuwa kwenye dirisha la rekodi katika hospitali moja hapa Nyeri. Mbele yangu alisimama mjane, akingoja nakala ya faili ya mumewe aliyezikwa Jumamosi.

Ndani, daktari aliyemtibu marehemu aliifungua faili hiyo, akatoa kalamu. "Ni presha yake tu, nilisahau kuandika."

Karani akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Andika, daktari. Lakini weka tarehe ya leo."

Kalamu ilibaki hewani, kisha daktari akairudisha mfukoni. Mjane alikuwa ameona yote kupitia kioo.

Kusahau ni kosa ambalo daktari anaweza kulieleza mbele ya jaji. Lakini kumpima presha mtu aliye kaburini, hilo utalieleza vipi?