Koili Zangu na Wingu la Atomu Baridi

Walisema fundi wa kusuka mota hafiki maabara za ng'ambo. Mjomba, pale kwetu Mwadui, alisema diploma yangu itaishia kulekule Kalangalala, Geita, nilikoanzia kazi, kwenye mota za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Jirani yetu mjane, Mama Kulwa, ndiye aliyeuza ng'ombe wake wa maziwa nipate nauli maabara moja iliponiita, nami nikaahidi kumrudishia ng'ombe. Ningeshindwa kazi, angebaki na zizi tupu.

Siku ya kwanza Mkuu wa Maabara, mama wa sauti ya chini, alinionyesha kivuli kidogo kwenye skrini. Kilikuwa wingu la atomu zilizopozwa hadi zikakaribia kusahau kutembea. Zilielea ndani ya chupa isiyo na hewa, zikipitana kana kwamba hazijuani. Kazi yangu ilikuwa koili, yaani waya uliozungushwa ukawa sumaku. Sumaku ikibadilika ghafla, atomu huanza kusukumana, na wataalamu hutazama wingu litafanya nini.

Nilisuka kama tulivyosuka Geita: mizunguko mingi, nguvu ya kuponda jiwe. Koili ile ilibadilika polepole mno, na wingu likaizoea bila kushtuka.

"Bwana Masanja, hapa hatupondi mawe," alisema Mkuu. "Nipe wepesi. Ikishindikana Ijumaa, nitatafuta fundi mwingine."

Nikaifumua yote. Nikakunja bomba la shaba, mizunguko michache, maji yakipita ndani kulipoza. Ijumaa tukabonyeza swichi. Kila picha ilitaka wingu jipya, maana kulipiga picha ni kulivunja. Lakini tulipozipanga tuliona wingu likivimba, likisinyaa, likivimba tena, kama kifua cha mtoto aliyelala. Kisha likatulia. Nikadhani limekwisha.

"Bado," Mkuu alininong'oneza. "Huu ni utulivu wa kwanza tu. Ule wa kweli huja taratibu."

Tukaendelea kutazama, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Niliwatumikia wakuu wengine baada yake, na hakuna koili yangu iliyowahi kuungua. Sasa nimestaafu, na nikifumba macho wingu lile bado linaelea. Lakini siku ninayoipenda zaidi ni ya likizo yangu ya kwanza, nilipoingiza ng'ombe mtamba zizini kwa Mama Kulwa, mjomba akitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo atomu zako zinakamuliwa?"

"Hazikamuliwi, mama. Ila zimemnunua huyu."

Akampapasa tumbo mtamba. "Huyu ana mimba. Wangu hakuwa nayo."

"Najua," nikamjibu. "Mimi silipi nilichokopa tu."