Ndege ya Ghorofa na Basi la Ruracio

Sikiliza, nikueleze polepole, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Leseni ya fundi wa ndege haisemi tu kwamba wewe ni fundi. Inataja aina ya ndege unayoruhusiwa kuitilia sahihi iruke. Yangu ilitaja moja tu: ile kubwa ya ghorofa, yenye injini nne. Nilipoisomea huko Ghuba, tuliamini anga itajaa ndege kama hizo. Baadaye kiwanda kikaacha kuziunda, korona ikaja, zikaegeshwa jangwani, nami nikarudi Gatongora kutengeneza pampu za maji.

Kisha ujumbe ukaingia kutoka Ghuba: ndege zile zimerudi kazini, mafundi wanahitajika, jibu kufikia Jumatatu. Wiki hiyo hiyo karakana moja ya hapa nchini ilikuwa imenikubali nikasomee ndege za injini mbili, nianze chini ya vijana niliowafundisha mwenyewe. Nilisoma jumbe zote mbili nikiwa nimesimama. Sikufurahi, sikuogopa. Ilikuwa kama kushika waya usio na umeme.

Jumamosi tulikutana Kiganjo kwa tata, dada ya baba yangu, kupanga safari ya Gatundu kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa wakwe wa mwanawe. Tata alitaka basi la viti sitini, litoke Thika.

"Watu waonekane wakishuka pamoja," alisema. "Sio wawili wawili kama wanaokuja kukopa chumvi."

"Mara ya mwisho tulikuwa wangapi, tata?" mke wangu akauliza.

"Wengi."

"Haki, tata. Hata mbuzi alipata kiti."

"Na wewe ulipata viwili."

Watu wakacheka. Mke wangu akapendekeza vani mbili, moja itoke Thika na nyingine Ruiru, kila moja ipite njia yake. Tata akanigeukia.

"Ebu wewe fundi wa ndege, waambie. Kubwa si ndiyo bora?"

Nikamjibu kwa sauti niliyokuwa nikifundishia. Basi kubwa ni bora siku likijaa, nikasema, kwa sababu mafuta yanagawanywa kwa watu wengi. Likibeba nusu, mafuta hayapungui nusu. Na ili lijae, lazima kwanza uwakusanye watu mahali pamoja. Mtu wa Ruiru hataki kukusanywa Thika. Anataka atoke kwake aende moja kwa moja, na akishapata gari dogo la kumfikisha, harudi kwa basi.

"Kwa hivyo mabasi yataisha?"

"Hayataisha leo. Mahali penye watu wengi na nafasi chache za kuegesha, yatabaki. Ila hakuna anayeagiza mapya."

"Na hizo ndege zako? Mke wako ameniambia zimerudi."

"Zimerudi kwa sababu zile mpya za injini mbili zimechelewa kutoka kiwandani, tata. Zikitoka, hizi zitaegeshwa tena."

"Sasa unaenda kuzifanyia nini?"

Mke wangu aliangalia kikombe chake cha chai. Nilikuwa nimejibu swali langu mwenyewe mbele ya ukoo mzima, na bado sikusikia kitu kifuani.

Jumatatu asubuhi niliwaandikia wa Ghuba: asanteni, siji. Halafu nikajaza fomu ya karakana. Palipoulizwa ndege ninayoijua, niliandika jina la ile ya ghorofa, herufi kwa herufi, kama mtu anayejaza fomu ya mtu mwingine. Watu huniuliza kama iliniuma. Sijui. Nilikwenda kazini.

Wewe pia, kama kuna mashine moja inayokulisha, usiogope kuikagua. Unaweza zaidi ya unavyodhani. Chukua karatasi leo uandike jina lake. Chini yake andika mtu mmoja unayemjua aliyenunua mashine mpya ya aina hiyo mwaka huu. Ukimkosa, andika kozi moja inayokaribiana na ufundi wako, na kesho asubuhi nenda ukaulize inaanza lini.