Mwanatarumbetolojia wa Kliniki

Kwenye kliniki ya watoto huku Rau, mwanangu alilia na kurusha miguu mpaka mshale wa mizani ukakataa kutulia. Mwezi uliopita alikuwa amepungua uzito, kwa hiyo nilikazia macho ule mshale. Mama mmoja kwenye foleni, aliyekuwa anaelekea kupiga tarumbeta mazishini Old Moshi, alichomoa kipande cha kupulizia, akakifuta kwa kanga, akapuliza pambio taratibu. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho.

“Shikamoo mama. Wewe ni daktari wa nini?” nesi akauliza.

“Marahaba. Mimi ni mwanatarumbetolojia,” akajibu bila kucheka. “Huwa nanyamazisha wafiwa. Soma uzito upesi, mwanangu, pumzi inaniishia.”

Uzito ulikuwa umeongezeka. Aibu ilinizuia kumshukuru pale, basi namshukuru hapa, ambapo hakuna foleni inayonitazama.