Kitufe Kilichobonyea Chenyewe

Tulimzika msichana wangu wa kwanza kwetu Meru, karibu na migomba, tukarudi Embu kwa nyumba tunayopanga hapa Majimbo. Kanisani tulitakiwa kusoma shukrani za familia. Kuchapa nilijifunza darasa la jioni nikiwa mtu mzima, kwa hivyo mchana mmoja nikafungua laptop yake niandike.

Ilikuwa haijazimwa. Tangu apelekwe hospitali ilikaa mezani chumbani kwake, imechomekwa kwa stima, imefunikwa na kitambaa.

Nyuma ya ukurasa wangu kulikuwa na dirisha lingine, la kazi yake. Alikuwa anafanyia kampuni ya mbali, anaangalia picha na kuandika ni za nini. Kazi ikikosekana, unangoja kwa foleni ukibonyeza kitufe cha kuonyesha upo. Usipobonyeza, unatolewa.

Hicho kitufe kikabonyea. Kikatulia. Kikabonyea tena. Mouse ilikuwa kwa mkono wangu, haijasonga, na mshale umekaa kwa maneno yangu. Kando ya jina lake, taa ya kijani: yupo.

Nikatoa mkono polepole.

Akina mama wawili wa maombi walikuwa jikoni wakimenya viazi vya mukimo. Nikawaita.

"Mama, hiyo ni roho haijapumzika," mmoja akasema. "Lete mafuta tuipake."

"Umwage mafuta kwa stima, tuzikwe sisi?" mwenzake akamwambia.

Tukaomba bila mafuta, mikono juu ya laptop. Tulipofungua macho, kitufe kikabonyea.

Msichana wangu wa pili alitoka chuo akatupata hapo. Akaangalia, akakaa kitandani.

"Mum, hakuna roho. Ni programu alijitengenezea. Inatuma kliki kwa hiyo dirisha ya nyuma, hata kama wewe uko kwa ingine. Kule kazini wanaona mtu anabonyeza."

"Ya nini?"

"Mgongo ukimshinda, alikuwa analala. Hakutaka wamtoe."

Nikakumbuka ile michana. Nilikuwa nachungulia mlangoni, yeye amejilaza ameangalia ukuta, taa ni ya kijani. Nilijiambia mtoto anaendelea vizuri, nikamshukuru Mungu, nikarudi kufua.

"Niizime?" akaniuliza.

"Wacha kwanza."

Ikawa nikitoka sokoni nainua kitambaa. Kitufe kinabonyea. Najua Neno linasema nini kuhusu kuongea na waliolala. Lakini nilisema, umeshindaje.

Halafu ujumbe ukaingia, wa msimamizi wake: "Kazi zimerudi. Naona upo. Mbona huanzi?"

Kama ningenyamaza, angeendelea kuwa yupo mahali fulani. Lakini mtoto wangu yuko na Bwana, na siwezi kumwekea shahidi wa uongo.

Nikaandika: "Mimi ni mama yake. Alituacha. Tumemzika."

"Pole sana mama. Lakini huku bado anabonyeza."

"Si yeye."

Msichana wangu wa pili alinionyesha pa kusimamisha. Akataka kunisaidia, nikamwambia hapana, nitabonyeza mwenyewe. Taa ikawa ya kijivu. Tukalia, kuliko hata siku ya mazishi.

Sasa yeye ndiye anaitumia hiyo laptop kwa masomo, akimaliza anairudisha mezani. Mimi nikipita pale mchana, mkono unainua kitambaa wenyewe.