Picha ya Mgongo wa Mama Deo

Nilikwenda Songea mwezi wa kumi kwa sababu mguu wa kulia wa mke wangu ulikuwa umeanza kuburuzika. Ningependa kuandika kwamba nilimpeleka mara tu ulipoanza, lakini nitakuwa mwongo. Kandambili ilimchomoka mguuni wiki tatu nzima nikimwona, nami kazi yangu ikawa kumwambia anyanyue mguu atembee kama watu.

Mke wangu anaitwa Fausta, ila kijiji kizima kinamwita Mama Deo kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Sisi ni wakulima wa tumbaku upande wa Namtumbo. Safari hii ilikuwa ya pili, na siwezi kuisimulia bila kuieleza ile ya kwanza, ingawa ndiyo inayoniumiza.

Mwezi wa nne mgongo ulipomzidi, tulikwenda Songea akapigwa picha ya kiuno kwa kile kipimo cha CT. Tukapewa bahasha kubwa yenye picha na karatasi ya majibu, tukaambiwa turudi Alhamisi, daktari atusomee na kutueleza matibabu. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na nyumbani tumbaku ilikuwa ndani ya bani, inakaushwa kwa moshi, moto unataka mtu wa kuuangalia. Sasa mimi ni mchambuzi wa tumbaku. Wenzangu huniletea majani yao niyatazame niwaambie ni daraja gani, na sifa hiyo ilikuwa imenipanda kichwani. Nikatoka nje ya hospitali, nikaichomoa ile picha nyeusi, nikainyanyua juani kama ninavyonyanyua jani. Niliona mifupa imepangana vizuri, hakuna uliovunjika.

"Mifupa mizima hii," nikamwambia. "Huna kitu, Mama Deo. Twende nyumbani."

Hakubisha. Tangu siku hiyo, kila aliposema mgongo, nilimjibu kwamba picha nimeiona kwa macho yangu. Hata kwenye jumuiya yetu ya kanisa, Jumamosi moja tuliposali kwangu, nikatania mbele ya majirani kwamba mke wangu amepata ugonjwa wa kukwepa jembe. Wanaume wawili watatu walicheka. Wanawake hawakucheka, na mimi mpumbavu nikadhani hawajanielewa.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya safari ya pili, tuliondoka kijijini kwa gari dogo la jirani. Fausta alilala kiti cha nyuma amekunja magoti, na kila tulipoingia shimo alishika mlango. Mwezi wa nne nilikuwa nimempakia kwenye bodaboda njia hiyo hiyo.

Namtumbo tulipata basi. Barabara ni ya lami, safari si ndefu, na kiti alikuwa nacho. Lakini kukaa kulimchoma kuanzia kiuno mpaka kwenye mguu, hivyo alisimama karibu njia yote ameshikilia chuma cha juu. Mama mmoja alinitazama mimi niliyekaa, akamtazama yeye aliyesimama, kisha akageukia dirishani. Nilitaka kumweleza kwamba sikumnyang'anya kiti.

Songea tulifika saa nne. Kandida, mdogo wake Fausta mwenye kiduka cha vyakula mtaa wa Lizaboni, alikuwa anatusubiri stendi. Alinisalimia vizuri, "Karibu shemeji," halafu akamwangalia dada yake akitembea hatua kumi hivi, na uso wake ukabadilika. Mwezi wa nne yeye ndiye aliyetusihi tulale siku mbili tu tumsubiri daktari. Nilijiandaa kulaumiwa siku nzima. Hakunilaumu. Alitupikia ugali kwa kisamvu, akamtandikia dada yake godoro chini kwa sababu kitanda kilikuwa kinabonyea, na nilipokuwa nanawa mikono akaniambia taratibu:

"Shemeji, kesho mwache daktari aseme."

Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali kabla ya foleni kuwa ndefu. Daktari alikuwa dada mdogo tu, umri wa binti yangu, akaniamkia shikamoo. Nikampa bahasha. Karatasi ya majibu ilikuwa bado imebanwa kwa pini, haijawahi kufunguliwa.

Kabla ya kuitazama picha alimtazama mgonjwa. Alimwambia Fausta atembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ulikubali, wa kulia ukaanguka chini kila mara. Akamuuliza kama anapata taabu na haja, kubwa au ndogo, au kama ana ganzi kati ya mapaja. Akamsisitizia kwamba hayo yakitokea saa yoyote akimbizwe hospitali, asingoje kesho. Fausta akasema hapana, ganzi iko juu ya unyayo, inaishia kidole gumba. Mimi nilikuwa siijui hiyo ganzi. Naishi naye nyumba moja na nilikuwa siijui.

Ndipo daktari alipoiweka picha kwenye ubao wenye taa. Nikashindwa kujizuia, nikasema mbona mifupa imenyooka.

"Mifupa haina shida, baba," akanijibu kwa upole. "Shida ni hiki kilicho katikati ya mifupa."

Alituonyesha kwa ncha ya kalamu. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama kimto, wao wanakiita diski. Cha kwake, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, kilikuwa kimetokeza nyuma na kuugandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Alisema wapo watu wenye diski iliyotokeza hivyo na hawasikii lolote, ndiyo maana picha haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na mwili wa mwenyewe. Wengi hupona kwa dawa, mazoezi ya kufundishwa na subira. Kisha akafungua faili, akasoma kimya, akaninyooshea mstari.

"Mwezi wa nne tulimpima. Mguu ulikuwa na nguvu zake zote, imeandikwa hapa. Tulitaka kumwanzishia mazoezi na kumfuatilia."

Laiti angenigombeza ningepata pa kushikia.

Akatueleza njia zilizobaki. Anaweza kuendelea na dawa na mazoezi, avae kifaa cha kuushikilia unyayo usining'inie, lakini mguu unazidi kulegea na yeye hashauri kusubiri. Au apewe rufaa ya haraka kwenda Mbeya, wapime upya, na wakikubaliana afanyiwe upasuaji wa kuuachia mshipa nafasi. Maumivu ya mguu mara nyingi hupungua. Nguvu zinaweza kurudi zote, nusu, au zisirudi, na kadiri mshipa ulivyokaa umebanwa ndivyo matumaini yanavyopungua. Halafu akanitazama mimi, mume, akisubiri jibu.

Nikamwomba amuulize mwenye mgongo.

Fausta alifikiri kidogo tu. "Nitakwenda Mbeya," akasema. Kisha, bila kunigeukia, "Nitakwenda na Kandida. Baba Deo arudi nyumbani kwenye tumbaku yake."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo paliponiuma.

Siku ya tatu nilipanda basi la kurudi peke yangu. Nilikaa dirishani na nilikuwa na muda wa kutosha wa kujitukana. Nimejifunza kwamba majibu ya kipimo husomwa na aliyesomea, na kwamba siku mbili nilizoziona nyingi zilikuwa chache sana. Lakini hilo hata mtoto analijua. Kilichonikera ni kwamba sikuwahi kumuuliza mke wangu anaumwa wapi.

Wiki ya tatu Kandida alinipigia simu. Upasuaji umefanyika, dada analala usiku, ule moto wa mguuni umekwisha. Unyayo bado haunyanyuki, amepewa kifaa, wataona baada ya miezi. Nikaomba kuongea naye. Kandida akasema amepumzika.

Jumamosi hiyo jumuiya walitaka tusali kumshukuru Mungu. Nikasimama kwanza. Nilisema Mama Deo hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa, na mimi ndiye niliyemrudisha njiani na kuwachekesha watu kwa maumivu yake. Niliongea sana. Nilipomaliza, jirani yetu Mama Batilda, mtu mzima asiyependa makuu, akanijibu akiwa amekaa.

"Tulijua, Baba Deo. Tangu wakati wa kuvuna tumekuwa tunamtekea maji na kumpasulia kuni ukishakwenda shambani. Alituomba tusikwambie. Alisema ukijua utaona aibu."

Nikakaa chini, wakaanza sala.