Droo Iliyozuia Mlango wa Bafu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Mawingu tangu asubuhi, upepo wa baridi, mvua haikunyesha.

Jirani yangu seremala tunamwita Milimita. Kiti kikiyumba kidogo tu, hukivunja akaanza upya. Watu humtania kwamba hata kivuli hukipima kabla ya kukikalia.

Mama mkwe wake alihamia kwao baada ya kuanza kushikwa na kizunguzungu. Walimtengea bafu lililo karibu na chumba chake, bafu jembamba ambalo ukitanua mikono unagusa kuta zote mbili. Mke wa Milimita alitaka kabati la sinki lenye droo kubwa, mama yake asiiname tena kuokota sabuni na taulo kwenye beseni. Bibi mwenyewe alisema kibao kidogo kinamtosha, yeye ananawa uso tu, hafungui duka.

Mke alishinda. Milimita alipima kuta, akapima bomba, akajipima mwenyewe akiinama. Siku ya kupima, mlango ulikuwa umeng'olewa, umelazwa uani unapakwa rangi. Alipourudisha, aliuona unafunguka kwa ndani na kupita mbele ya kabati kwa nafasi ya kidole. Akaridhika. Aliujaribu droo zikiwa zimefungwa.

Jumamosi hiyo mkewe alikuwa amekwenda kuchukua dawa za mama. Mimi nilikuwa naanua nguo nikasikia kishindo, kisha Milimita akiita, "Mama? Mama?" Hakujibiwa. Halafu akaniita mimi, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mlango wa bafu. Ulikuwa umefunguka upana wa kiganja, ukagoma. Ndani maji yalikuwa yanamwagika.

"Usisukume, dada," akaniambia. "Yuko nyuma ya mlango. Nikisukuma nitamvunja shingo."

Uso ulikuwa umempauka. Nilichungulia chini ya mlango nikaona upindo wa gauni na maji yanayotambaa. Bawaba zilikuwa upande wa ndani, hazifikiki. Dirisha la bafu hilo hata paka angelifikiria mara mbili. Tena huyo alikuwa mkwe wake; tangu aoe, Milimita huzungumza naye macho yakiwa chini.

Alichukua rula ya chuma akaipenyeza kwenye ufa polepole, kama mtu anayegusa kidonda. Ikagonga kitu. Akagonga tena, akasikiliza.

"Ni mbao," akasema. "Ni droo yangu."

Nilidhani angepumua. Hakupumua. Mlango ulikuwa umekwama kwenye ubavu wa droo iliyovutwa nje, na droo ile aliiunga kwa meno ya mbao yanayoshikana na gundi, isiachie milele. Alijua haitaachia.

Akaleta msumeno, akaanza kukata nusu ya chini ya mlango. Kila alipovuta mara chache alisimama kusikiliza kama kuna anayepumua. Jasho lilimtiririka kwenye baridi ile. Tundu lilipokuwa la kutosha mtu kupita, aligeuza uso ukutani.

"Ingia wewe, dada. Mimi siwezi."

Niliingia kwa kutambaa. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Kizunguzungu kilipomjia alikuwa ameshika droo, nayo ikamfuata. Nikamshika shavu. Lilikuwa baridi. Nikamwita, nikamwita tena, hata nikaanza kuogopa kumwita.

Akafumbua jicho moja. "Nani anayekata mlango?"

"Mkweo, mama."

"Mwambie asiingie, sijajistiri."

Nje nilisikia msumeno ukianguka. Nilipotoka, Milimita alikuwa ameketi kwenye vumbi la mbao.

Jioni bibi alimwambia kabati ni zuri, ila angependa kujua bafu ni lake au la kabati. Mkewe alicheka. Yeye hakucheka. Kila bomba lilipofunguliwa alikuja kusimama ukumbini.

Kesho yake asubuhi aling'oa kabati lote, akautundika mlango wenye tundu ufungukie nje. Kisha akamwomba mama mkwe asimame bafuni na fimbo yake, ageuke huku na huku, ainame kama anayenawa. Chaki alimpa mkewe aweke alama kila kiwiko kilipofika. Yeye alisimama nje, mgongo ukiwaelekea, futi ya kupimia mkononi, akingoja waseme wamemaliza.